UZI: Serikali ikikunyima malipo ya ulemavu, mahakama hufanya nini hasa?

1/ Kila msimu wa siasa swali hili hurudi, redioni, kwenye matatu, hata matangani: kwani majaji wanaingilia pesa za serikali kama nani? Mmoja anasema mahakama zinakwamisha kazi, na tena majaji hawakupigiwa kura. Mwingine anasema bila mahakama mnyonge ataliwa mchana. Leo sitataja chama wala mwanasiasa. Nachukua pesa za aina moja tu, malipo ya watu wenye ulemavu, na nchi moja, Marekani, ambako mvutano huu uko kwenye kumbukumbu za korti kwa zaidi ya miaka 60. Halafu tutarudi nyumbani. Wadau, kaeni na chai.

2/ Kwanza niseme kwa nini jambo hili linanikera. Shangazi yangu ana mtoto mtu mzima ambaye hawezi kuketi bila kushikwa. Kwa muda walikuwa wakipata pesa za serikali za watu wenye ulemavu mkubwa. Siku moja pesa hazikuja. Nikampeleka shangazi ofisini. Kijana wa pale akatazama kompyuta, akasema, "Mama, mfumo umekataa." Shangazi akamuuliza, "Umekataa kwa nini, mwanangu?" Kijana akarudia, "Mfumo umekataa tu." Tukatoka. Hakuna barua, hakuna karatasi, hakuna jina la aliyeamua.

3/ Lile "umekataa kwa nini" ndilo lililonifanya nisome historia hii. Sasa twende.

4/ Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilitiwa saini Agosti 1935, wakati wa ule mdororo mkuu wa uchumi. Ilikuwa na pensheni ya wazee, lakini haikuwa na malipo kwa mfanyakazi aliyepata ulemavu. Mwaka 1939 ilipofanyiwa marekebisho, Bunge liliweka kifungu ambacho wengi hawakukitilia maanani: mtu akinyimwa malipo na idara, anaweza kwenda mahakama ya shirikisho ndani ya siku 60.

5/ Soma hapa kwa makini, maana ndipo watu hukosea. Kifungu kile hakikumwambia jaji aanze kesi upya. Kilisema matokeo ya idara kuhusu ukweli wa mambo yatasimama ikiwa yana ushahidi wa maana nyuma yake. Kwa hivyo jaji hasikilizi mashahidi wapya wala hampimi mgonjwa. Anafungua faili ya idara na kuuliza: mlifuata sheria? Na huu uamuzi umesimama juu ya kitu, au umeelea hewani?

6/ Malipo ya ulemavu yenyewe yalikuja mwaka 1956, baada ya vita vikali. Wapinzani walisema ulemavu haupimiki kama umri, kwamba watu watajifanya wagonjwa, na gharama itapanda hadi ishindikane. Kwenye Seneti kura zilikuwa 47 kwa 45. Hata hivyo mwanzoni walilipwa wa miaka 50 hadi 64 pekee. Kikomo hicho cha chini kiliondolewa mwaka 1960. Hofu ya wadanganyifu basi si mpya. Ilikuwepo kabla dola ya kwanza haijalipwa.

7/ Neno moja kuhusu majina. Kesi hizi huandikwa jina la mwananchi upande mmoja, na la waziri au mkuu wa idara upande wa pili. Kwa kuwa hapa hatutaji wanasiasa, nitaziita kwa jina la mwananchi. Nadhani hata ni haki zaidi.

8/ Mwaka 1960, kesi ya Kerner. Huyu alikuwa mfanyakazi aliyeugua moyo. Idara ilisema bado anaweza kufanya kazi nyepesi. Mahakama ya rufaa ya New York ikauliza: kazi gani hiyo? Na iko wapi? Kusema tu kwamba mtu kwa nadharia anaweza kufanya kazi hakutoshi ikiwa kazi yenyewe haipatikani. Mahakama haikumpa Kerner pesa. Iliirudisha faili kwa idara ili ikajibu maswali hayo.

9/ Wabunge walikasirika? Ndiyo. Mwaka 1967 wakabadilisha sheria: si lazima kazi iwe karibu na kwako, wala kuwe na nafasi, wala mwajiri akubali kukuchukua. Ikiwa kazi za aina hiyo ni nyingi nchini, wewe huhesabiki kuwa na ulemavu. Ni sheria kali, lakini ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Korti ilitafsiri, Bunge likajibu, korti zikafuata sheria mpya. Anayekuambia majaji wameteka bajeti hajasoma ukurasa huu.

10/ Mwaka 1970 kukaja kesi ya Kelly, New York. Hii ilihusu msaada wa familia maskini, si ulemavu, lakini ndiyo iliyotikisa kila kitu. Mahakama ya Juu ilisema: mtu anayeishi kwa msaada huo hawezi kukatwa kwanza ndipo asikilizwe baadaye. Asikilizwe kwanza, aone ushahidi dhidi yake, ajibu mbele ya mtu asiye na upande. Sababu yake ni rahisi: ukimkatia chakula leo, kushinda kwake mwaka ujao kutamsaidia nini?

11/ Lakini msidhani korti ziliegemea upande wa wananchi kila mara. Mwaka 1971, kesi ya Perales. Dereva wa lori wa San Antonio, Texas, aliyeumia mgongo mwaka 1965. Idara ilimnyima kwa kutumia ripoti za madaktari ambao hawakufika kuhojiwa. Mahakama ya Juu ikasema sawa: ripoti ya daktari iliyoandikwa inaweza kuwa ushahidi wa maana hata kama daktari mwenyewe hakuja, mradi mlalamishi alikuwa na nafasi ya kuomba aitwe. Perales hakuwa ameomba.

12/ Halafu ikaja kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Marekani huikariri: Eldridge, Februari 1976. George Eldridge wa Virginia alianza kulipwa mwaka 1968 kwa sababu ya wasiwasi mkubwa wa akili na mgongo. Mwaka 1972 akaletewa fomu ya maswali. Akajibu kwamba hajapata nafuu, akataja madaktari wake. Idara ikasoma ripoti, ikamwandikia kwamba ulemavu wake umekwisha, na malipo yakakatwa. Nafasi ya kusikilizwa ana kwa ana ingekuja baada ya kukatwa.

13/ Eldridge akasema: mbona kina Kelly walipewa haki ya kusikilizwa kwanza? Mahakama ya Juu ikajibu kwa mizani ya vitu vitatu. Kwanza, mtu anapoteza nini? Pili, kuna hatari gani ya kukosea, na utaratibu wa ziada ungepunguza makosa kiasi gani? Tatu, ungeigharimu serikali nini? Ikapima, ikasema malipo ya ulemavu hayategemei umaskini wa mtu, ushahidi wake ni wa kitabibu na uko kwenye karatasi, na akishinda baadaye atalipwa malimbikizo. Kwa hivyo kata kwanza, sikiliza baadaye. Eldridge akashindwa.

14/ Sasa soma maoni ya majaji waliopinga hukumu ile. Yametaja kwamba baada ya malipo kukatwa, nyumba ya Eldridge ilichukuliwa kwa deni, samani zikabebwa, na yeye, mke na watoto wakalazimika kulala kitanda kimoja. Na ile Mahakama ya Juu yenyewe ilikiri kwamba kutoka kukatwa hadi uamuzi baada ya kusikilizwa ulipita zaidi ya mwaka mmoja. Malimbikizo ni kitu kizuri, lakini nyumba iliyouzwa hairudishwi na malimbikizo.

15/ Shikeni hapo, kwa sababu miaka 5 baadaye mizani ile ilijaribiwa kwa watu wengi mno. Mwaka 1980 Bunge liliagiza wanaolipwa wakaguliwe kila miaka 3, isipokuwa wale ambao ulemavu wao ni wa kudumu. Lengo lilikuwa kupunguza gharama na kutoa wasiostahili, na lengo hilo si baya. Machi 1981 serikali mpya ikaanza ukaguzi mapema kuliko ilivyoagizwa, tena kwa kasi. Kufikia 1984, karibu nusu milioni ya watu walikuwa wameambiwa hawastahili tena.

16/ Wengi walikatwa kwa faili, bila kuonwa na mtu. Wagonjwa wa akili waliumia zaidi, kwa sababu fomu inamtaka mtu ajieleze kwa utaratibu, na ugonjwa wenyewe ndio unaomnyang'anya huo utaratibu. Waliokata rufaa walishinda kwa wingi. Zaidi ya 200,000 walirudishiwa malipo. Jiulize: ikiwa idadi kubwa hivyo inarudi, ule ukaguzi ulikuwa unapima nini?

17/ Mahakama za rufaa zikaanza kusema: huwezi kumkata mtu uliyekubali jana kuwa mlemavu bila kuonyesha kwamba hali yake imekuwa nafuu. Idara ikafanya jambo la ajabu. Ikamlipa yule aliyeshinda, lakini ikakataa kutumia kanuni hiyo kwa wengine, hata wale wa eneo la mahakama ileile. Yaani mwenye wakili alipona, na jirani yake mwenye ugonjwa uleule akakatwa. Kwenye kesi ya Lopez huko California, jaji mmoja aliyeudhika alifananisha tabia hiyo na ya majimbo yaliyodai, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwamba yanaweza kufuta sheria ya taifa.

18/ Huko New York likafichuka jambo zito zaidi. Mji na jimbo zilishtaki kwamba idara ilikuwa na utaratibu wa siri: mgonjwa wa akili ambaye hakufikia vigezo vya juu kabisa alichukuliwa moja kwa moja kuwa anaweza kazi isiyohitaji ujuzi, bila mtu kutazama hali yake. Na ule muda wa siku 60 wa kwenda kortini ulikuwa umewapita wengi. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, ilisema muda hauwezi kumhesabia mtu kwa kosa alilofichwa. Mlango ukafunguliwa tena.

19/ Korti peke yake haikumaliza kazi. Magavana wa majimbo kadhaa waligoma kuendelea kuwakata watu. Magazeti yakaandika. Januari 1983 ikatiwa saini sheria ya muda: aliyekatwa anaweza kuchagua kuendelea kulipwa wakati rufaa inasikilizwa, akijua kwamba akishindwa atadaiwa. Oktoba 1984 ikaja sheria kamili: idara ionyeshe kwanza kwamba afya imeimarika. Kura zilikuwa 402 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi na 99 kwa 0 kwenye Seneti. Vyama vyote! Lini mara ya mwisho umeona hivyo?

20/ Najua kuna mtu hapo chini anaandika: "Na wadanganyifu je?" Swali halali. Kentucky kulikuwa na wakili aliyekiri mwaka 2017 kwamba aliiibia serikali kwa ripoti za uongo za madaktari, akimhonga hata jaji wa ndani ya idara aliyepitisha maombi. Akatoroka nchi, akakamatwa Honduras. Hasara ilihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Hayo si porojo.

21/ Lakini tazama kilichofuata. Tangu 2015 idara iliamua kupitia upya malipo ya zaidi ya watu 1,500 waliokuwa wateja wake, na ikatupa ripoti za wale madaktari bila kumruhusu mteja aonyeshe kwamba ripoti yake yeye ilikuwa ya kweli. Mteja aliyeumwa mgongo kwelikweli akachanganywa na mwongo. Mwaka 2018, kwenye kesi ya Hicks, mahakama ya rufaa ikasema hiyo si haki. Ukisema ushahidi wangu ni wa uongo, nipe nafasi nijibu. Korti haikumtetea mwizi. Iliwatetea watu wasihukumiwe kwa wizi wa wakili wao.

22/ Na leo? Kunyimwa Marekani bado ni ngazi ndefu: ombi, kuangaliwa upya, kusikilizwa na jaji wa ndani ya idara, baraza la rufaa, ndipo mahakama ya shirikisho. Wachache hufika ngazi ya mwisho. Ila kati ya zinazofika, mahakama zimekuwa zikirudisha karibu nusu kwa idara. Narudia, kurudisha. Mara nyingi si kwa sababu jaji anasema "mlipeni," bali "sababu mlizotoa hazieleweki, rudini mkafanye kazi." Na kigezo bado kiko chini: mwaka 2019, kwenye kesi ya Biestek, mfanyakazi wa ujenzi, Mahakama ya Juu ilikubali ushahidi wa mtaalamu aliyekataa kuonyesha takwimu zake. Biestek alishindwa.

23/ Kwa hivyo historia yenyewe inasema nini? Waliodai korti zinagawa pesa za umma wamekosea. Kwa sehemu kubwa korti zimeuliza "kwa nini" na kutaka jibu lililoandikwa. Na waliodhani korti itaokoa kila mtu nao wamekosea. Korti huchelewa, na anayengoja ndiye anayelala kitanda kimoja na watoto. Mambo yalipona pale korti, Bunge na kelele za watu zilipokutana.

24/ Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka, wa kisheria, wa busara na wa haki, na kama unaathiri haki yako vibaya, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, jamani. Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 ikaongeza meno: ofisi ikishindwa kutoa sababu ulizoomba, itachukuliwa kwamba iliamua bila sababu nzuri, mpaka ithibitishe vinginevyo.

25/ Sheria hiyohiyo inataka umalize kwanza njia za malalamiko za ofisi yenyewe kabla ya kwenda Mahakama Kuu, isipokuwa mahakama ikikuruhusu kuziruka. Sawa. Lakini sema ukweli: pesa zenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Nani atamlipa wakili kwa shilingi 2,000? Na utakataje rufaa dhidi ya "mfumo umekataa"? Utaandika umekosea wapi? Bila sababu iliyoandikwa, ofisini hakuna cha kulalamikia na kortini hakuna cha kupitia. Ndiyo maana naona vita vyetu viko kwenye ile karatasi kabla ya kufika kwa jaji.

26/ Nikamwandikia shangazi barua. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nikataja Kifungu cha 47, nikaomba sababu. Tukapeleka nakala mbili na moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Wiki zikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa mistari miwili: jina kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye orodha. Herufi moja! Si kwamba binamu yangu amepona. Si kwamba ni mdanganyifu. Herufi moja, na kila mwezi ulipita bila nepi wala nauli ya kliniki.

27/ Tumepeleka marekebisho. Bado tunangoja. Sitawadanganya kwamba tumeshinda. Ila shangazi sasa anajua kosa ni lipi, na anayo karatasi ya kumwonyesha yeyote, awe chifu au jaji.

28/ Basi mjadala ukianza tena, na utaanza, msimuulize mgombea kama anapenda mahakama au hazipendi. Muulizeni haya matatu. Mtu akikatwa, atapewa sababu kwa maandishi siku hiyohiyo? Akikata rufaa, ataendelea kula nini wakati wa kungoja? Na mkisaka wadanganyifu, asiye na hatia atajitetea wapi kabla hajakatwa? Akijibu hayo bila kuzunguka, msikilizeni.

29/ Kama nawe uliambiwa mfumo umekataa, andika barua, weka nakala yenye muhuri. Na kama kuna mzee kwenu asiyejua kuandika, mwandikie wewe. Uzi umeishia hapa.